Shirika likifunga mlango, kumbukumbu yetu isibakie ndani

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Butembo, katika mkutano wa harakati yetu ya raia

Asante kwa kufika, zaidi sana wale waliotembea kwa mguu toka Bulengera juu pesa ya pikipiki hakuna.

Leo hatuongei juu ya barabara wala umeme. Tunaongea juu ya tovuti za mashirika ambayo yamefunga. Tunajua kuna mtu tayari anajisemea moyoni: watu wanakufa, na hawa wanatuletea habari za intaneti? Tunamwelewa. Tunamwomba atusikilize kidogo, juu tutaanza na maji ya kunywa.

Katika kartie moja ya mji huu kuna chemchem. Hatutaitaja, kwani kesi bado iko mezani kwa shefu. Miaka kadhaa iliyopita, shirika moja la hapa kwetu liliitengeneza. Walijenga ukuta wa saruji, wakaweka bomba mbili, wakapanda majani kwenye mteremko ili udongo usishuke. Familia yenye kiwanja ilikubali kutoa kipande kile kwa ajili ya watu wote. Hati ikaandikwa, baba wa familia akatia sahihi, shefu wa wakati ule akapiga muhuri. Shirika likaweka yote kwenye tovuti yake: picha, tarehe, namba ya chemchem, na hati yenyewe.

Baba yule amekufa. Sasa mtoto wake mmoja anataka kuuza kiwanja chote, na chemchem ndani yake. Akina mama wakaenda kwa shefu. Shefu wa sasa ni mpya, akauliza swali moja tu: karatasi iko wapi? Nakala ya familia haionekani. Nakala ya biro ya kartie ilioza kwa mvua. Nakala ya shirika? Shirika lilifunga. Wafadhili walikata pesa, nyumba ikarudishwa kwa mwenyewe, kompyuta zikagawanywa kwa wafanyakazi waliokuwa wanadai miezi ya mshahara.

Ndipo mama mmoja akatujia. Akasema: "Batoto, ninyi njo munajua mambo ya telefone. Mututafutie ile karatasi." Tukafungua anwani ya tovuti. Tulikuta matangazo ya michezo ya kubahatisha, kwa lugha ambayo hakuna mmoja wetu anayeijua.

Ndugu, pale tulipata aibu. Na aibu ile ilikuwa na sababu yake. Wengi wetu tuko na diploma ya chuo kikuu na kazi hakuna. Miaka hii yote, kitu kilichotupa pesa kidogo ni ankete. Shirika linakuja, linatafuta vijana wenye kujua kusoma na kuandika, linatulipa kwa siku, tunapita nyumba kwa nyumba. Sisi ndio tuligonga milango. Sisi tuliuliza: mama, una watoto wangapi? Maji unateka wapi? Usiku ule wa mashambulizi, nani hakurudi? Watu walituachia kazi zao, wakatupa kiti, wakajibu. Hawakumjibu mfadhili wa Ulaya. Walitujibu sisi, watoto wa mutaa. Kwa hiyo majibu yale yakipotea, wa kwanza kuulizwa ni sisi.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi mali tuko nayo kidogo sana, na daftari tumeachia watu wengine.

Sasa tueleze namna tovuti inakufa, juu wengi wanadhani kitu kikishaingia kwenye intaneti kinabakia milele. Si hivyo. Tovuti iko na vitu viwili ambavyo vinalipiwa. Cha kwanza ni anwani, kama namba ya nyumba. Cha pili ni mahali faili zinakaa, kama nyumba yenyewe. Vyote viwili ni vya kupanga, na kodi inalipwa kila mwezi au kila mwaka. Anwani inayoishia na .org, kwa kawaida, inalipiwa dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Pesa hiyo ni chini ya mafuta ya gari moja ya shirika kwa siku moja ya kwenda kijijini.

Mwaka ukipita bila malipo, aliyekuuzia anwani anaweza kukusubiri kwa siku chache au zaidi, hadi 45. Akishaifuta, kuna siku 30 za kuikomboa, lakini kwa bei ya juu. Baadaye siku 5 za mwisho, na anwani inaachiwa sokoni. Mtu yeyote duniani anaweza kuichukua. Wako watu ambao kazi yao ni hiyo: wanachukua anwani ya shirika lililokufa, juu tovuti nyingine bado zinaielekeza, wanaweka humo michezo ya pesa. Hivi ndivyo chemchem yetu ilivyogeuka kasino.

Na barua ya kukumbusha malipo inatumwa wapi? Kwa imeli ya shirika, ambayo hakuna anayeifungua tena. Kadi ya kulipia ilikuwa ya nani? Ya mkuu wa shirika, ambaye amekwenda Kampala au amerudi kwao. Wenzetu wa Goma wameona mengine zaidi. Toka mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, mabenki yalifunga. Hata shirika lenye nia njema, lingelipa na nini?

Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, Nyiragongo ilipotapika, moto ulipita katikati ya Goma ukala nyumba na makaratasi yake. Siku ile kila mtu aliona moshi. Tovuti ikifa hakuna anayeona moshi. Hakuna anayelia. Unakuja kujua siku unapoihitaji.

Msidhani haya ni ya mashirika madogo tu. USAID, shirika la misaada la Marekani, lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60; lilianzishwa 1961. Tarehe 1 Februari 2025 tovuti yake ilizimika, na tarehe 1 Julai mwaka ule ule kazi yake ikakabiziwa kwa wizara ya mambo ya inje ya kule. FEWS NET, ule mfumo wa kuonya watu juu ya njaa, ulikuwa unafanya kazi toka 1985. Nao ulizimika mwishoni mwa Januari 2025, ukarudi miezi kadhaa baadaye. Ripoti juu ya afya, mashamba na shule za Kongo zilikuwa ndani ya tovuti hizo. Kama zile za nchi yenye nguvu namna ile zinaweza kuzimwa kati ya Ijumaa na Jumatatu, ya chama cha wakulima wa Lubero itakuwa namna gani?

Lakini kule kulikuwa na watu waliojiandaa. Toka 2008, maktaba na vyuo vikuu vya Marekani vinaungana kila muhula wa rais unapokwisha, wanapiga nakala za tovuti za serikali kabla hazijabadilishwa. Ndiyo maana kurasa nyingi za USAID bado zinasomeka hata leo, kwenye nakala. Hawakusubiri kifo. Walikuja na daftari wakati mgonjwa bado anaongea.

Na hapa karibu kwetu kuna mfano wa shirika lililofunga vizuri. Mahakama ya Umoja wa Mataifa juu ya Rwanda, ile ya Arusha, ilifunga tarehe 31 Desemba 2015. Kabla ya kufunga, ilishajulikana nani atachukua nyaraka zake. Chombo kilichomaliza kesi zilizobaki kilipewa pia kazi ya kutunza kumbukumbu, na tovuti ya zamani ya mahakama imetunzwa hadi leo. Hatusemi mahakama ile ilifanya yote vizuri. Hiyo ni kesi nyingine. Tunasema kufunga bila kupoteza kunawezekana, mtu akipangwa mapema na pesa ikitengwa.

Hapa Butembo na Beni tuliishi kinyume. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa kwetu. Ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Miaka ile miwili mji ulijaa magari ya mashirika. Kila nyumba kubwa ilikuwa na bendera ya mtu. Baadaye wakafunga virago. Februari 2021 Ebola ikarudi hapa hapa Butembo, na Oktoba mwaka ule ule ikarudi Beni. Kila mara inaporudi kuna maswali: mara ya kwanza ni wapi watu walikataa, na kwa nini? Ni nani aliongea nao wakakubali? Majibu yaliandikwa, juu tulikuwepo yakiandikwa, wengine wetu na kalamu mkononi. Shirika kubwa lina makao yake Geneva au Paris, ripoti yake itabakia. Lakini yale makundi madogo ya hapa, ya akina mama, ya vijana wa redio, yaliyofungua tovuti kwa pesa ya mradi mmoja, mradi ulipokwisha na tovuti ikaisha. Na ndiyo yalikuwa yanajua mji.

Turudi kwenye chemchem. Hatukukata tamaa. Kuna maktaba moja Marekani, San Francisco, inaitwa Internet Archive. Ilianzishwa 1996 na bwana Brewster Kahle. Programu zake zinapita kwenye intaneti zikipiga nakala za kurasa, na toka 2001 mtu yeyote anaweza kufungua nakala hizo bure, mahali panaitwa Wayback Machine. Tuliingiza ile anwani ya zamani. Kumbe ukurasa wa chemchem ulikuwepo! Picha iko, tarehe iko, namba iko, maneno kwamba familia imetoa kiwanja yako. Tulipobonyeza kwenye hati yenyewe, hakuna kitu. Programu ilichukua ukurasa, haikuchukua faili ya hati.

Tulichapa ukurasa ule kwenye karatasi tukampelekea shefu. Hakutupa ushindi, tuseme ukweli. Alisema picha si sahihi. Lakini alisimamisha uuzaji mpaka mashahidi wasikilizwe, na katika picha ile wanaonekana watu watatu ambao bado wako hai. Bila ukurasa ule, leo kungekuwa na nyumba juu ya chemchem. Na kama mtu mmoja tu angetumia dakika mbili kuhifadhi ile hati kabla tovuti haijafa, kesi ingekwisha siku ile ile.

Dakika mbili, ndugu. Basi tusikilizane namna ya kufanya.

Tunapendekeza salongo. Salongo mnaijua: Jumamosi asubuhi, kila mtu na jembe lake. Hii yetu kila mtu atakuja na telefoni yake na mega zake kidogo. Kwanza tunaandika orodha: mashirika gani ya hapa yamefunga, na yapi yanaelekea kufunga. Yanayoelekea kufunga ndiyo ya kwanza, juu yale yaliyokufa tayari yanaweza kusubiri, lakini mgonjwa hasubiri. Pili, kwenye Wayback Machine kuna sehemu ya kuhifadhi: unaweka anwani ya ukurasa, unabonyeza, inapiga nakala. Hiyo hata telefoni ndogo inaweza. Tatu, msirudie kosa la chemchem: kila hati, kila ripoti, ina anwani yake yenyewe. Ihifadhini moja moja. Ramani ambazo unazigusa zinasogea, na kurasa zinazoomba neno la siri, mara nyingi hazikamatiki. Hizo mzipige picha za skrini.

Nne, wenye kompyuta kati yetu, kuna programu ya bure inaitwa HTTrack. Inashusha tovuti nzima ikaifanya isomeke bila intaneti. Ni nzuri kwa sisi ambao umeme unakuja na kwenda. Tano, nakala moja si nakala. Oktoba 2024 wezi wa mtandao walivamia ile maktaba ya San Francisco yenyewe, ikakaa siku kadhaa haifunguki. Kwa hiyo tuwe na tatu: moja kule, moja kwenye diski, na moja kwenye diski nyingine iliyoko nyumba nyingine, na kama inawezekana mji mwingine. Mwaka 2025 tuliona namna mji unaweza kugeuka kwa usiku mmoja.

Sasa tuseme jambo ambalo ni zito kuliko yote. Kuhifadhi si kutangaza. Katika tovuti zile kuna majina ya mama waliobakwa, kuna picha za watoto waliotoka kwa makundi yenye silaha, kuna mashahidi waliosema fulani ndiye aliua. Kuna orodha za watu waliopewa msaada, na namba zao za telefoni. Wakati shirika lilikuwa hai, mtu angeweza kulipigia na kusema: mtoe jina langu. Sasa hakuna wa kumpigia. Sisi tukipiga nakala na kuitupa hadharani, tunaweza kumwua mtu kwa nia njema.

Ndiyo maana tumeweka sheria tatu. Ukurasa wenye jina la mwathirika, la shahidi au sura ya mtoto hauendi kwenye maktaba ya wazi. Mtu akiukuta, asiusambaze kwa WhatsApp, hata kwa rafiki. Anawaambia wawili kati yetu tuliochaguliwa, nao wanatafuta kwanza waliokuwa wafanyakazi wa shirika, wajue watu wale walikubali nini. Na mwenye jina, au familia yake, akisema hapana, ni hapana. Hata kama ni ushahidi wa maana. Tulibishana sana juu ya hii ya mwisho. Wako kati yetu waliosema: haki ya wengi inapita hofu ya mmoja. Tulikaa na neno hilo jioni mbili. Tulichoona ni kwamba yule mmoja alifungua mlango wake juu alituamini. Hatuwezi kudai mashirika yatuheshimu kama sisi wenyewe hatumheshimu.

Wengine watauliza: kwa nini vijana bila kazi wafanye bure kazi ambayo mashirika yalilipwa? Swali ni la haki. Hatutaki kuzibia wengine deni lao. Ndiyo maana, pamoja na salongo, tuko na madai, na tunayasema hapa wazi.

Kwa mashirika ambayo bado yako wazi: andikeni leo nani atabakia na neno la siri la tovuti siku mtakapofunga. Lipieni anwani miaka kadhaa mbele wakati pesa bado iko. Na kabla ya kugawanya kompyuta, toeni nakala ya hati zinazohusu ardhi, maji na shule, mziachie kartie na vijiji zilipoandikwa. Hizo si mali ya shirika.

Kwa wafadhili: mnatenga pesa ya kufungua mradi, mnatenga pesa ya bendera na ya fulana. Tengeni pia ya kufunga. Dola 20 kwa mwaka hazitavunja mfuko wa mtu.

Kwa vyuo vikuu vyetu: wanafunzi wenu wa sosiolojia na wa informatiki wanaandika kazi za mwisho kila mwaka. Wapeni somo hili. Maktaba zenu zipokee diski kama zinavyopokea vitabu.

Kwa shefu zetu na mameya: nakala ya karatasi ilindwe na mvua. Intaneti haiondoi kabati lenye kufuli.

Na kwetu sisi wenyewe: kila mmoja aliyefanya ankete, afungue flashi yake ya zamani, imeli yake ya zamani, telefoni iliyovunjika kioo. Tunajua kuna ripoti humo. Tunajua pia kuna majina humo, kwa hiyo usitume kitu. Njoo, uketi nasi, tuangalie pamoja.

Tunaanza Jumamosi hii, saa mbili asubuhi. Orodha ya kwanza iko na mashirika 11 ambayo tunayajua kwa majina na kwa milango. Mama wa chemchem ametuambia atakuja na yeye. Telefoni yake ni ile ndogo ya kubonyeza, haiingii intaneti. Lakini anawajua wote walioko kwenye picha, na anajua mwaka gani nani alijenga nini. Atakaa katikati yetu, atataja, na sisi tutaandika.

Inchi ni yetu. Na yaliyoandikwa juu yake, tuliyajibu sisi.